Mita ya Wageni

Jumatatu, 3 Machi

Tovuti imefunguliwa rasmi jana saa kumi jioni. Rasmi, yaani nilibonyeza kitufe, nikanywa chai. Wageni mpaka sasa: wanne. Wawili ni mimi, simu yangu na laptopu. Wa tatu ni bosi. Wa nne ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyenipigia kusema ile rangi ya juu inaumiza macho.

Niandike vizuri, maana nikija kusoma baadaye nitajiuliza nilikuwa na akili gani. Duka letu la viatu, kama maduka mengi, linaweka rafuni kiatu kimoja tu cha kila jozi, cha kushoto. Cha kulia kinakaa stoo ndani ya boksi. Sasa kile cha kushoto kinapauka kwa jua, kinajaribiwa na kila mwenye soksi chafu, na mara nyingine kinaondoka na mwizi asiyejua kuhesabu mpaka mbili. Cha kulia kinabaki peke yake. Bosi anaviita wajane. Stoo kuna wajane themanini na sita, na amesema mwisho wa mwezi vyote vinakwenda jalalani.

Ndipo nikasoma kozi ya kompyuta, Jumamosi tatu, nikatengeneza tovuti: Kiatu Kimoja. Mwenye mguu mmoja, au mwenye miguu isiyolingana, anachagua mguu, namba na rangi, anaandika na maelezo yake, anapewa bure. Bosi kakubali. Anaokoa hela ya kibarua wa kubeba takataka.

Hiyo ndiyo sababu ninayowaambia watu. Sababu yenyewe imekaa sebuleni kwenye kiti cha dirishani. Mume wangu alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti, miezi kumi na moja iliyopita. Sukari. Tangu atoke hospitali hajavuka geti letu kwa magongo yake. Kliniki tunakwenda kwa teksi, na teksi inaingia mpaka mlangoni. Huyu mtu amekuwa msoma mita za maji miaka kumi na tisa! Mji mzima ulimzoea na daftari lake, watoto wakimwita Bwana Mita. Sasa hata wembe anaagiza.

Nataka aone wako wengine kama yeye. Nataka avuke geti. Basi, nimeshaandika.

Jumanne, 4 Machi

Watano.

Nimebandika karatasi mlango wa duka: Je, una mguu mmoja? Bosi kaisoma, kasema wenye miwili watadhani hawatakiwi. Kaibandua mwenyewe, polepole, asichubue rangi. Nikaandika nyingine ya upole zaidi. Mteja mmoja kaisoma akaniuliza kama anaweza kuchukua kimoja leo na cha pili mwisho wa mwezi.

Alhamisi, 6 Machi

Tisa. Nimetuma linki kwenye kundi la ukoo, watu sitini na moja. Shangazi mmoja kajibu kwa picha ya maua. Mwingine kauliza hiyo ni sare ya harusi? Maana binti wa wifi anaolewa mwezi ujao, na kundi zima halina habari nyingine. Wakaendelea na viti vya kukodi, linki yangu ikazama huko juu kama jiwe.

Mume wangu amesema harusini haendi. Ni mjomba wa bibi harusi, tena mjomba wa pekee. Kasema watamrekodi video atazame.

Jumapili, 9 Machi

Kumi na tatu.

Wifi amekuja, kama kila Jumapili. Anamletea kakaye maji kitini, anamkunjia shuka, anamsogezea hata rimoti iliyo mkononi kwake. Pumzika kaka, pumzika kaka. Anapumzika mwaka huu wa pili sasa! Nilikuwa jikoni, nikapiga sufuria kwa mwiko zaidi ya ilivyohitajika.

Alipoondoka, mume wangu akachungulia laptopu yangu. Mara ya kwanza.

"Hiyo namba ya chini ni nini?"

Nikamwambia ni idadi ya wageni. Kila simu au kompyuta inahesabiwa mara moja tu, hata ikirudi mara kumi.

"Kumbe mita," akasema. Akageukia dirisha lake.

Jumatatu, 10 Machi

Kumi na nne. Wiki nzima, kumi na nne. Na fomu ya maombi haijajazwa hata moja.

Nimefanya jambo. Niliona tangazo: wageni elfu tano ndani ya siku saba, wageni wa uhakika. Nimelipa. Sisemi ngapi, hata hapa siandiki. Wataanza kesho saa mbili asubuhi.

Jumatano, 12 Machi

1,094! Saa mbili usiku, elfu moja na tisini na nne! Nimempigia wifi. Nimempigia hata mwalimu wa kompyuta, akasema hongera kwa sauti ya mtu aliye msalani.

Watu elfu moja wanajua kuna stoo ina viatu vya mguu mmoja. Nilimwonyesha mume wangu. Akaangalia namba, akaangalia saa ya ukutani. Sawa. Atasema tu.

Ijumaa, 14 Machi

2,534. Nimecheza stoo peke yangu, katikati ya wajane. Bosi kanikuta, akafunga mlango taratibu.

Fomu: hamna. Labda watu wanaona aibu. Labda wanapima miguu kwanza. Nimeongeza maneno: Usione haya, karibu.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimelia. Naandika nikiwa jikoni.

Tulipomaliza chai ya asubuhi mume wangu akaniuliza, hawa wageni wako wanalala saa ngapi?

Sikumwelewa. Akachomoa daftari chini ya mto wa kiti — lile lake la zamani la mita, lenye jalada la plastiki. Kumbe tangu Jumanne alikuwa anasoma namba yangu kila laptopu inapobaki mezani. Asubuhi, mchana, kabla ya kulala, hata akiamka kwenda msalani. Kaandika saa na namba, saa na namba, kurasa mbili.

Akaanza kunieleza kama anamweleza mteja kwenye kibaraza. Nyumba yenye watu haitumii maji sawasawa. Alfajiri inatumia sana, saa nne imetulia, jioni inaamka, siku ya kufua ni balaa. Mita ikisogea kiasi kilekile saa tisa usiku na saa tisa mchana, siku zote, hapo hakuna watu. Hapo bomba limepasuka.

"Yako inasogea thelathini kila saa, mama watoto. Haipungui, haizidi. Hao si watu."

Nilijua ni kweli hata kabla hajamaliza. Ndiyo maana nilikasirika. Nikamwambia angalau mimi nimejaribu kitu, yeye kazi yake ni kukaa dirishani na kuhesabu makosa ya wenzake. Nikamwambia kama anajua sana kuhusu watu, watu wako nje ya geti.

Akalirudisha daftari chini ya mto. Uso wake — sitaki kuukumbuka. Wifi alipofika saa nne kanikuta macho mekundu, nikamwambia ni vitunguu.

Jumatatu, 17 Machi

Hatujasemeshana tangu jana. Tumepitishiana chumvi kama watu wawili hotelini.

Alipolala mchana (nimepewa nusu siku) nikachukua lile daftari. Nilitaka kulitupa. Juu ya ukurasa, kwa mwandiko wake wa kazini uliosimama wima, kaandika: Mteja — mke wangu. Aina ya mita — tovuti. Na kila msomo ameutia tiki ndogo pembeni, kama zamani, kuonyesha amesoma mara mbili.

Miezi kumi na moja hakuwa ameshika kalamu. Hata fomu za hospitali nilizijaza mimi. Nimekaa kitandani na daftari mapajani, hasira imeniisha yote, nikabaki na aibu.

Jioni nimewaandikia wale wauza wageni wasimamishe. Nimeirudisha namba sifuri, na nimeiambia isihesabu simu yangu wala laptopu. Nikamwita aone. Akasema mita ikibadilishwa lazima uandike msomo wa mwisho wa ile ya zamani. Akaandika: 4,664, mbovu. Akatia tiki.

Huko ndiko kupatana kwetu.

Jumanne, 18 Machi

Sifuri.

Leo ameongea kuliko mwezi mzima uliopita. Nilikuwa nalalamika tu, nikipanga vyombo, kwamba wenye mguu mmoja katika mji huu hata sijui wako wapi, nitawapataje. Akasema geti la tatu kutoka hapa, fundi cherehani. Nikasema fundi cherehani ana miguu yake miwili. Akasema hapana, umemwona amekaa tu.

Alijuaje? Mita nyingi ziko karibu na mlango, na watu wanavua viatu hapohapo. Miaka kumi na tisa ameinama penye viatu vya watu. Vya fundi cherehani: cha kulia soli imeisha kabisa, cha kushoto kipya, hata karatasi ya ndani ipo. Kuna mwalimu mstaafu, cha kulia kikubwa, cha kushoto kama cha mtoto. Ananunua jozi mbili kila mara, anatupa nusu. Na mimi nilidhani katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayemjua mtu kwa miguu!

Akachora ramani kwenye daftari. Mtaa kwa mtaa, geti kwa geti, kwa mpangilio wa mzunguko wake wa zamani. Nyumba kumi na moja. Mahali penye mbwa ametia alama ya M. Ya saba ina mlango wa kijani, iko juu, ngazi kumi na nne. Hapo mlangoni, miaka sita, kila mwezi, kiatu kimoja cha kulia, kilekile, hakina tope hata msimu wa mvua. Mwenyewe hakuwahi kumwona.

"Sikuwahi kugonga," akasema. "Nilisoma mita nikashuka."

Nikamwambia Jumapili nitapita mimi nigawe karatasi za tovuti.

"Mbwa hawakujui. Na utawaambia nini? Mume wangu aliviona viatu vyenu?"

Basi tukabaki tunaiangalia ramani. Nilijua anachofikiri, na yeye alijua ninachofikiri, lakini hakuna aliyelisema. Nimejifunza. Jumapili nililisema, likamuumiza.

Alhamisi, 20 Machi

Sifuri.

Jana kabla ya kulala aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua: hao wajane wako, kuna namba arobaini na tatu? Leo nimemletea vitatu. Cha kahawia cha kamba, cha kijivu cha michezo, na cheusi cha kung'aa. Cheusi akakisukuma kwa ncha ya gongo. Kasema hicho ni cha harusini, yeye haendi harusi ya mtu.

Akavaa cha kahawia. Mwenyewe. Alichelewa kwenye kamba, nikajishughulisha na pazia. Miezi yote hii ni ndara tu, ndara moja. Aliposimama kwa magongo yake na kiatu kile alikuwa mrefu, nilikuwa nimesahau alivyo mrefu. Akatembea kibarazani, kwenda na kurudi. Mara tano. Mara kumi. Jasho shingoni.

Ya kumi na mbili, wifi akaingia na kadi za mwaliko. Akaziangusha. Kanijia juu: nataka kakaye aanguke barabarani aokotwe na watu? Sioni jasho? Kaa kaka, kaa. Na yeye akakaa! Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu akakaa, akavuliwa kiatu.

Sikumjibu wifi. Nikimjibu leo hatutaongea mpaka uzeeni. Najua anampenda. Hospitali alilala chini sakafuni, siku tisa, mimi nikiwa kazini. Anaogopa tu, na hofu yake imeingia mpaka kwenye miguu ya kaka yake.

Ijumaa, 21 Machi

Sifuri. Kiatu kiko palepale kilipoachwa. Nimechapa vikaratasi vya tovuti dukani, nimevikata, nimevitia kwenye bahasha na kuiweka juu ya daftari lake. Tumekula.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia dukani, nyuma ya risiti, nitanakili baadaye.

Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshavaa. Shati la kazini, lile la bluu. Kiatu cha kahawia, kamba imefungwa. Amekaa kitini, bahasha mfukoni. Nikauliza nibaki? Akasema nenda kazini, na usipige simu, nitakuwa na mikono yote miwili kwenye magongo. Hakusema anatoka. Sikuuliza. Nimetembea mpaka kituoni bila kugeuka, shingo imeniuma.

Saa tatu. Sifuri.

Saa tatu na nusu. Sifuri. Nimemuuzia mteja viatu vya kubana, karudi kubadilisha.

Saa nne kasoro robo. Sifuri. Amekaa. Najua amekaa. Labda kavua.

Saa nne na dakika saba. Moja.

Inaweza kuwa wifi. Nikampigia: umefungua tovuti? Hapana, kwa nini, kaka yuko wapi? Nikasema yupo. Nadhani sauti imenisaliti, amekata simu bila kuaga.

Saa tano kasoro kumi. Bado moja. Wifi kapiga, analia. Yuko nyumbani kwetu. Kiti kitupu, magongo hayapo, geti limerudishwa tu. Nikamuuliza, na ndara yake? Iko kibarazani, akasema. Basi amevaa kiatu, nikamwambia. Akataka kwenda kumtafuta. Nikamwomba asiende. Nimemwomba, sijamgombeza: mpe mchana huu tu, wifi yangu, kama nilivyokuachia zile siku tisa. Nikasikia kiti kikiburutwa. Akasema atakaa getini. Ndani hawezi.

Saa tano na robo. Mbili, halafu palepale tatu. Na fomu! Ya kwanza! Mguu wa kulia, namba 38, rangi yoyote. Maelezo: huyu bwana amekunywa maji glasi mbili, ameondoka, msimlaumu, mbwa wetu hajamfanya kitu.

Nimeisoma kwa sauti. Bosi kaingia stoo mwenyewe kutafuta 38.

Saa sita. Tatu. Kimya kirefu. Kuna wingu.

Saa sita na dakika ishirini. Nne. Fomu ya mwalimu mstaafu, kaijaza kama mtihani, na nukta zote.

Saa saba kasoro kumi. Sita, mbili kwa mkupuo. Haisogei sawasawa. Inakaa, inaruka, inakaa tena. Nimeiangalia mpaka macho yamelowa. Hawa ni watu.

Saa saba na dakika arobaini. Sita. Ya saba ni ile ya mlango wa kijani. Wifi kapiga mara mbili, amesema manyunyu yameanza huko. Hapa bado. Bosi amegeuza kibao cha mlangoni, tumefunga kwa chakula cha mchana, ila hagusi chakula. Amekaa na boksi la 38 mapajani.

Saa nane kamili. Saba!

Fomu pia imeingia. Nimedhani ni wa mlango wa kijani. Nimeifungua.

Mguu: wa kulia. Namba: 43. Rangi: nyeusi, kile cha harusini. Maelezo: Mita nimesoma sita, hii ya saba ni simu yangu. Nimepumzika kwenye ngazi ya tano. Zimebaki tisa.

Nimekitoa cheusi chini ya kaunta, nilikokirudisha jana. Nimeanza kumwandikia kwamba kipo. Simu iko mkononi, bado sijatuma, asije akaachia gongo ngazini, na huku nje sasa mvua imefika.